Mbona kwa jirani wanazeeka, na kwetu hawafiki?

Safu hii hupokea barua za kila aina, kuanzia za meno ya watoto hadi za shinikizo la damu, lakini mwezi huu barua nne, zilizoandikwa na watu wasiojuana katika komuni tofauti za Lubumbashi, zimegusa jambo moja: kwamba watu wanaokaa karibukaribu, wanaonunua unga katika soko moja na kuimba katika kwaya moja, hawaishi miaka sawa. Nimeziweka pamoja na kuzijibu kama muuguzi mstaafu anavyoweza kujibu. Zile za meno zitasubiri mwezi ujao.

*Mama Muuguzi, jambo sana. Nimesikia redioni kwamba Mkongomani anaishi kwa wastani miaka karibu 60. Mimi nimetimiza 57. Je, nianze kuwagawia watoto vitu vyangu?* (Mwalimu, Ruashi)

Mwalimu, kaa na vitu vyako. Hesabu hiyo inawachanganya wengi, wakiwamo baadhi ya wanaoitangaza. Wastani wa umri wa kuishi haumtajii mtu siku yake. Unachukua miaka ya wote, pamoja na ile michache ya mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno, unaijumlisha, halafu unaigawanya. Tuseme watoto kumi wamezaliwa katika lupango moja, yaani kiwanja kimoja na nyumba zake. Mmoja anafariki akiwa na mwaka mmoja, na wale tisa wanafika miaka 65 kila mmoja. Jumlisha, gawanya kwa kumi, utapata 58 na kitu. Sasa tazama vizuri: kati ya hao kumi hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 58. Mmoja aliondoka mapema mno, na waliobaki wote waliupita wastani. Wewe umekwisha kuvuka mto wenye mamba wengi kuliko yote, yaani utoto, na miaka inayokungoja ni mingi kuliko mitatu.

Sikuchagua mtoto mmoja kati ya kumi kwa kubahatisha. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba katika nchi yetu watoto 104 kati ya 1,000 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa hiyo, mtu anapokuambia kwamba mtaa huu unaishi miaka kumi pungufu kuliko ule, usiwaze kwanza wazee. Waza wodi ya watoto. Mwaka 1842 Edwin Chadwick, mtumishi wa serikali ya Uingereza, alitoa taarifa juu ya hali ya usafi ya wafanyakazi wa nchi yake. Katika Manchester, mji wa viwanda, wastani wa umri wa kufa katika familia za mabwana na wenye taaluma ulikuwa 38, na katika familia za vibarua ulikuwa 17. Huko Rutland, sehemu ya mashamba, vibarua walifikia 38. Maana yake ni kwamba kibarua wa shambani, aliyekula mkate mkavu na kulala mapema, alikuwa sawa na bwana wa mjini mwenye gari la farasi. Hiyo 17 haikuwa ya vijana walioanguka njiani wakielekea kazini. Ilikuwa ya makaburi madogo, yaliyovuta hesabu nzima chini. Nadhani darasani kwako mfano huo utafaa kuliko ule wa kugawanya maembe.

*Mama, nakaa Katuba na ninafua nguo katika nyumba moja ya Golf, mtaa wa wenye pesa. Pale kuna bibi wa miaka 88, anasoma gazeti na kunywa chai yake, na hakuna anayeshangaa. Kwetu, katika avenyu yangu, kuna bibi mmoja tu wa umri kama huo, na vijana wanasema ameishi hivyo kwa sababu anakula miaka ya wajukuu. Mwaka huu tumezika wanne katika lupango ya jirani, na wote hawakufika 50. Je, ni ulozi, ni damu, au ni nini? Nijibu bila kunicheka.* (Mama mfuaji, Katuba)

Sikucheki, Mama. Nianze na huyo bibi wa avenyu yenu, kwa sababu kati ya watu wote wa barua yako yeye ndiye aliye hatarini leo. Mahali ambapo wachache wanazeeka, uzee wenyewe unageuka kuwa kosa la kujieleza mbele ya watu. Bibi wa Golf haulizwi alikula nini, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta wake yuko mwingine wa 85, na mbele yake mzee wa 90 anayetembezwa jioni. Bibi wa Katuba yuko peke yake, basi anashukiwa. Vijana wenu hawakukosea kuona kwamba kuna kitu kinachokula miaka ya watu, wamekosea mlango. Waambie hivyo, na uwaambie mbele ya mchungaji au mkuu wa avenyu, si pembeni, maana shutuma kama hizo huanza kwa mzaha kisha mtu akafukuzwa nyumbani kwake.

Kuhusu damu, mji wetu una ushahidi wake wenyewe, na ninashangaa jinsi tunavyousahau. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1906, na kiwanda chake cha kuyeyusha shaba kikawashwa hapa mwaka 1911. Katika miaka ya mwanzo, vijana walioletwa kutoka mbali kufanya kazi walikufa kwa wingi kwa nimonia na kuhara, wakiwa wamelala wengi katika kibanda kimoja na kula chakula kisichotosha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mpango, na haikufanya hivyo kwa huruma: iliona kwamba kumzika mfanyakazi aliyekwisha kujifunza kazi ni hasara. Ikawaruhusu wanaume kuleta wake zao, ikajenga nyumba za kudumu, ikatoa posho, ikafungua nyumba za uzazi na siku za kupima watoto uzito. Vifo vikashuka sana. Watu walikuwa walewale, wenye koo zilezile na mizimu ileile. Kilichobadilika ni unga uliokuwa jikoni, maji, paa, na mkunga.

Mambo yaliendelea hivyo hata baada ya uhuru, kampuni ilipokuwa imegeuka Gécamines, na ndipo wazee wetu waliposema, kwa Kiswahili chetu cha hapa, «Gécamines njo baba, njo mama», yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Kisha ikaja sehemu ya pili ya ushahidi, iliyo chungu. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka huko Kolwezi. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 470,000 mwaka 1986, ulikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ilikaa miezi bila kuonekana, posho ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Nilikuwa kazini wakati huo. Niliwaona akina mama wakileta kadi za watoto zilizoandikwa uzito kwa mwandiko mzuri, kila mwezi bila kuruka, na kadi hizohizo zikiwa na nafasi tupu kuanzia mwezi ule baba alipokosa kazi. Mtoto wa kambi ya kampuni akaanza kufanana na mtoto wa mitaa ya pembeni, nywele zikiwa nyekundu na miguu imevimba, na hakuna aliyekuwa amebadilishiwa damu usiku.

Sasa nikueleze jinsi miaka inavyoondoka kwa kweli, kwa saa na siku. Mtoto mmoja alishikwa na homa Alhamisi jioni. Ijumaa mama yake alimpa vidonge viwili vya kushusha homa vilivyonunuliwa kwa kuhesabu, kimoja kimoja, kwenye meza ya barabarani. Jumamosi alikwenda sokoni na gunia la makaa, kwa sababu bila kuuza hakuna pesa ya kuweka kwanza, na kila mtu anajua kwamba bila pesa ya kuweka kwanza mlango wa hospitali haufunguki vizuri. Jumapili alfajiri alifika kwetu, mtoto akiwa ameanza kukakamaa. Malaria kali inaweza kummaliza mtoto mdogo kwa saa 24 hadi 48, na yeye alikuwa amechelewa kwa saa zaidi ya hizo. Aliyekuwa ameshika daftari la malipo asubuhi ile ni mimi. Nilimwuliza ana kiasi gani kabla sijamwuliza mtoto ana nini, kwa kuwa ndivyo tulivyoelekezwa, na sijapata kulisahau swali langu. Katika nyumba unakofua nguo, homa ya Alhamisi jioni ingepimwa Alhamisi jioni. Ugonjwa ni mmoja, mbu ni yule yule. Tofauti ni ya siku tatu, na siku tatu hizo zikirudiwa katika malupango yote ya Katuba zinatosha kuunda miaka unayoiona.

Lakini mtu asidhani kwamba hospitali ya bure peke yake ingemaliza jambo. Uingereza, Scotland ikiwamo, imetibu watu bila malipo mlangoni tangu 1948. Hata hivyo, Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilionyesha mwaka 2008 kwamba mtoto wa kiume wa mtaa wa Calton, katika jiji la Glasgow, alitarajiwa kuishi miaka 54, na wa kitongoji cha Lenzie, kisichozidi kilomita 15 kutoka hapo, miaka 82. Ni tofauti ya miaka 28, chini ya serikali moja, kwa dawa zilezile. Ni kweli kwamba Calton ilikuwa na mabweni ya wanaume wasio na makao, na hilo lilivuta hesabu chini. Lakini kuuliza kwa nini wanaume hao walikusanyika huko na si Lenzie ni kurudi kwenye swali lako mwenyewe. Viwanda vilifungwa, kazi zikatoweka, pombe na dawa za kulevya zikaingia mahali kazi ilipotoka. Aliyeishi Likasi au Kolwezi katika miaka ya 1990 hahitaji kutafsiriwa habari hiyo.

Kuna pia mambo ambayo hayapiti kwenye mfuko wa mtu hata kidogo. Hapa Lubumbashi upepo huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na kwa miaka karibu 80 moshi wa kiwanda ulielekea kaskazini-magharibi, ukiacha shaba, risasi, kadimiamu na arseniki katika udongo. Mtaa wa Penga Penga uko katika njia hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo na mboga za sehemu hizo wakakuta madini hayo kwa wingi, na uchunguzi mwingine walioufanya pamoja na chuo cha Leuven cha Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba katika Katanga watu wanaoishi chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda wana kobalti, risasi na urani zaidi katika mkojo wao kuliko wanaoishi mbali. Mtu hachagui upepo. Anayenunua kiwanja cha bei nafuu hununua na kilichomo ndani ya udongo, bila mtu kumwandikia katika karatasi ya mauzo. Kama wewe au dada zako mnalima lengalenga upande huo, osheni majani kwa maji mengi mara mbili au tatu, ongezeni mboji na chokaa kwenye matuta, maana hupunguza madini yanayopanda kwenye mmea, na ndani ya nyumba mfute sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi kavu mbele ya mtoto anayetambaa.

Na kwa nini mitaa yenyewe ilipangwa hivi? Mtu aliyeketi ofisini aliipanga. Wakati wa ukoloni, mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika vilitenganishwa kwa ukanda uliokatazwa kujengwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: kuwalinda Wazungu dhidi ya malaria na magonjwa mengine. Kamalondo ilizaliwa katika mpango huo, miaka ya 1920. Bomba la maji, mtaro wa mvua na daktari vilibaki upande mmoja wa ukanda. Ukanda umekwisha kujengwa zamani, na vijana wanaopita hapo leo hawajui kwamba ulikuwapo. Mabomba yaliyo chini ya ardhi yanaukumbuka vizuri sana.

*Mama, tusidanganyane. Watu wetu wanajiua wenyewe. Pombe ya lutuku asubuhi, sigara mchana, bukari bila mboga usiku. Mtu wa namna hiyo asilaumu upepo wala Wabelgiji.* (Baba wa familia, Kampemba)

Baba, juu ya lutuku sina ubishi nawe. Nimewafunga bandeji watu waliopigana kwa ajili yake, na nimewaona ini lao likivimba hadi mkanda ukakataa kufungika. Ninachokataa ni kule kumalizia hadithi hapo. Kuanzia mwaka 1967 watafiti walifuatilia maelfu ya wanaume waliofanya kazi katika ofisi za serikali mjini London, katika eneo la Whitehall. Hakuna aliyekuwa maskini wa kulala njaa. Wote walikuwa na kazi ya kudumu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hata hivyo, wa ngazi ya chini kabisa, yaani akina plantoni, wanaobeba makaratasi na kulinda milango, walikufa mara tatu zaidi ya wakuu wa idara. Tena haikuwa plantoni dhidi ya wengine wote: kila ngazi ilikufa zaidi ya ile iliyokuwa juu yake, hata karani mzuri mwenye meza yake. Plantoni walivuta sigara zaidi, ni kweli. Watafiti walipoiondoa sigara katika hesabu, pamoja na shinikizo la damu na mafuta mwilini, sehemu kubwa ya tofauti ilibaki palepale.

Mimi nimewahi kuwa chini ya wakubwa, na huenda wewe pia, kwa hiyo tunajua pasipo mtafiti kutuambia jinsi mwili unavyokaa siku nzima ukingoja kuitwa kwa kengele. Moyo unaokimbia hivyo kwa miaka 30 unachakaa. Na mtu aliyechakaa hivyo akipita mbele ya mama muuza lutuku saa kumi na moja jioni, uchaguzi wake si sawa na wa mtu aliyeshinda siku yake akiamua mwenyewe.

Kuna habari nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu inakwenda kinyume na mahubiri yetu sisi wauguzi. Huko Pennsylvania, Marekani, kuna mji mdogo uitwao Roseto, uliojengwa na Waitaliano waliokwenda kuchimba mawe. Katika miaka ya 1960 daktari Stewart Wolf na wenzake waligundua kwamba watu wa Roseto walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kidogo sana kuliko majirani zao wa Bangor, mji ulio karibu mno, wenye maji yaleyale na hospitali ileile. Walitafuta siri katika chakula, wakakuta watu wanakaanga kwa mafuta ya nguruwe na kuvuta sigara bila haya. Walichokikuta tofauti ni nyumba: babu, mwana na mjukuu chini ya paa moja, vyama vingi kwa mji mdogo vile, na aibu kubwa kwa yeyote aliyejionyesha kuwa na mali kuliko mwenzake. Wakatabiri kwamba desturi hiyo ikivunjika, moyo nao utaanza kuuma. Kufikia miaka ya 1970 vijana walikuwa wamejenga nyumba kubwa zenye uzio, kila mmoja na gari lake, na vifo vya moyo vikapanda hadi kulingana na vya Bangor. Mwaka 1992 ulitolewa ulinganisho wa miaka 50 ya vyeti vya vifo vya miji hiyo miwili, na ulithibitisha mkondo huo. Mji mdogo una vifo vichache, kwa hiyo mimi siapi kwa Roseto. Lakini ninapopita katika mitaa mipya ya hapa na kuona kila ukuta una vipande vya chupa juu yake, huwa naikumbuka.

Usichukue habari hiyo kama ruhusa ya mafuta ya nguruwe. Na lutuku endelea kuikemea, ila mkemee pia anayemlipa mlinzi wake mshahara wa miezi miwili baada ya miezi mitano.

*Mama Muuguzi, mimi ni mkuu wa avenyu katika komuni ya Kenya. Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika katika daftari kila kilio cha avenyu, ili kujua nani alichanga na nani hakuchanga. Mjukuu wangu anasema daftari hilo lina faida kuliko michango. Je, ni kweli?* (Mkuu wa avenyu, Kenya)

Mzee, mjukuu wako ana akili, mnunulie kalamu. Ili kujua wastani wa umri wa kuishi wa mtaa unahitaji kuandika nani amezaliwa, nani amekufa, na akiwa na umri gani. Uchunguzi ule wa 2013-2014 nilioutaja kwa Mwalimu ulikuta kwamba kati ya watoto wa chini ya miaka mitano, robo tu walikuwa wameandikishwa kwenye ofisi ya serikali. Wengine wanaingia duniani bila karatasi, na wakifa mapema wanatoka vilevile. Ndiyo maana Glasgow inaweza kuulinganisha mtaa mmoja na mwingine kwa tarakimu, na mama yetu wa Katuba hana budi kuhesabu vilio kwa vidole.

Daftari kama lako limewahi kufanya kazi kubwa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia London, na daktari John Snow aliona kwamba katika sehemu za kusini mwa mto Thames kampuni mbili zilipitisha mabomba yao katika barabara zilezile, nyumba hii ikipata maji ya kampuni moja na nyumba ya ukuta kwa ukuta ikipata ya nyingine. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea, mwaka 1852, hadi juu ya mto ambako maji machafu ya jiji hayajaingia. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota katikati ya uchafu. Snow akaenda mlango kwa mlango, akiuliza kwa kila marehemu ni maji ya nani. Katika majuma saba ya kwanza, kwa kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall walikufa watu 315; kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth walikufa 37. Tajiri na maskini walikuwa wamechanganyika pande zote mbili, hewa waliyovuta ni moja, na mahubiri ya Jumapili ni mamoja. Tofauti ilikuwa bomba. Bila orodha ya waliokufa na nyumba zao, jambo hilo lisingeonekana kamwe, na watu wangeendelea kulaumu harufu mbaya, au tabia.

Basi, pamoja na safu yako ya michango, ambayo najua hutaiacha, ongeza umri wa marehemu, hata ukikadiriwa, na uandike kama ni mwanamume au mwanamke, ili mama anayekufa akijifungua asipotee katika hesabu ya jumla. Andika maji ya lupango hiyo yanatoka wapi: bomba la kampuni ya maji ya Regideso, kisima cha ndani, au bidoni zinazonunuliwa kwa vijana wa mikokoteni. Andika kazi ya mtu. Kisha uulize swali moja ambalo hata hospitali mara nyingi hazilihifadhi: siku ngapi zilipita kati ya siku alipoanza kuugua na siku alipofikishwa kwa daktari, na zilipita kwa sababu gani. Usiandike jina la ugonjwa ikiwa wafiwa hawataki. Na usimruhusu mtu yeyote aongeze safu ya aliyeshukiwa. Baada ya mwaka mmoja mpelekee nakala mganga mkuu wa eneo la afya lenu, umwombe ailinganishe na ya avenyu nyingine, na ukae pale hadi akusainie kwamba ameipokea.

Kwa miaka iliyotangulia daftari, tafuta aliye mzee kuliko wote katika avenyu. Mara nyingi atakuwa mwanamke, naye atakumbuka vifo vyote kwa mpangilio wa mvua na wa ndoa, hadi majina ya watoto wachanga ambao hata mama zao wameacha kuwataja. Nenda kwake mchana, watu wote wakikuona, ukibeba kiti chako mwenyewe, kwa maana atasema kwa muda mrefu.